Madam Ameniambia Nikalale

Keziah, usinipigie, soma tu.

Leo nimemwaibisha madam mbele ya wageni. Nimezunguka na birika la kahawa, nikainamia kila mama, nikamimina. Wote saba. Kumbe birika ni tupu! Nimewamiminia hewa na sikuona!!

Si unajua nilivyo siku hizi. Miezi minane bila off, usingizi hauji.

Sasa skia. Madam hakufoka. HAKUFOKA! Huyu aliyenifokea wiki nzima juu ya kijiko! Amenivua aproni kwa mikono yake, akasema, "Maryann, umechoka. Halas, basi, kalale mpaka kesho."

Nikalale? Mchana? Hapa mtaa wa Rawdah umewahi kuskia dada wa kazi akilala mchana?

Si hata wewe huko Riyadh ulianza hivyo? Madam wako alikuambia pumzika, pumzika, kesho yake ukajipata kwa ofisi ya ajenti na begi lako.

Wangu ameniletea supu mpaka kitandani. Nimemwonjesha paka kwanza. Paka yuko sawa, anataka ingine.

Haya, nimelala vile amesema. Lakini begi nimefunga, ikama, kibali changu cha kukaa huku, iko ndani ya soksi, na viatu sijavua.