Inayowasha Siyo Inayoponya

Nyumba ya nyuma ya ghala la mbao,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Umeamkaje huko? Mwili una nguvu kidogo? Sisi huku wazima, ila goti langu linanisemesha nikipanda ngazi. Nyumba imekuwa kubwa tangu mume wangu, fundi cherehani wangu, aondoke, lakini nalala, na napika, hata kama ni sahani moja.

Jana mumeo alinipigia. Nikamwambia akupe simu, nikasikia pumzi tu. Wewe, uliyekuwa ukitolewa darasani kwa maneno mengi! Akasema mdomo umejaa vidonda tangu dripu ya pili, hata uji haupiti. Unasukutua kwa ndimu na chumvi, na umemkataza kumwambia muuguzi, wasije wakakusimamishia matibabu.

Mdogo wangu, acha ndimu leo hii. Najua ulikoitoa. Mama alitukamulia ndimu kwenye magoti yaliyochunika, tukaruka uani kama bisi, naye akicheka: "Ukiruka, imeingia!" Magoti yalipona, Mungu amrehemu. Lakini vidonda hivi vimeletwa na dawa ya saratani yenyewe. Imechuna ngozi ya ndani. Aliyekwisha kuchapwa haongezewi fimbo.

Fundi wangu naye, alipokuwa kwenye dripu kama zako, alikuwa mkwe mtiifu mno. Alisukutua kwa ndimu ya mama, kwa siri, mpaka muuguzi akammulika kwa tochi. "Baba, huu ni mdomo au sufuria ya kusugua?" Alicheka huku machozi yakimtoka, maana hata kucheka kuliuma.

Hawakumfukuza. Walimpa dawa ya kutuliza maumivu kabla ya kula, wakamwambia asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo tu, kama machozi, kisha ateme. Mswaki laini kama wa mtoto. Uji uliopoa, ndizi ya kuponda. Pilipili na chai ya moto zikae mbali. Wakati wa dripu alimumunya barafu, lakini wewe uliza kwanza, si dawa zote zinaendana nayo. Na ukipata homa, au hata maji yakikataa kushuka, msingoje siku ya kliniki. Nendeni saa hiyo hiyo.

Unakumbuka alivyokuwa akikata uzi kwa meno, mkasi uko pajani, nami nikimgombeza? Kipindi kile cha vidonda aliufikisha uzi mdomoni, akasita, akaniangalia. Nikampa mkasi. Siku alipoukata tena kwa meno, sikumgombeza.

Ugonjwa ulimchukua baadaye, hilo silifichi. Lakini alikula, na aliniita mpaka mwisho. Wewe bado una dripu mbele yako, na kwa tumbo tupu utazipokeaje? Hilo ndilo linalonikosesha raha. Wakijua, watakusaidia. Wasipojua, watakukuta umeishiwa nguvu.

Nisalimie mumeo, asione haya kwamba amesema. Msalimie wifi, na kitinda mimba wako anayeficha viatu vya watu.

Kesho nitapiga simu. Usijilazimishe kuongea. Kama umeshamwambia muuguzi, gonga simu mara mbili kwa kidole. Nitasikia.

Mungu akulainishie kila tonge.

Mimi dada yako, nikupendaye na kukuwaza kutwa.