Nimeikataa Kazi ya Rafiki Yako

Chumba cha Uani,
Nyumba ya Fundi Cherehani.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi? Natumaini wewe, mkeo na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima, ila mimi nimechoka hadi kope zinauma. Wiki nzima nimezunguka kwenye yadi za malori, vumbi limenijaa mpaka masikioni.

Nianze na rafiki yako, maana najua ulivyombembeleza anipe kazi. Alinipokea vizuri. Lori lake ni jipya, kiti bado kina nailoni. Akanipeleka safari ya majaribio, tela limejaa saruji, yeye kaketi pembeni yangu. Tulipofika kwenye mteremko akasema, "Toa gia, weka frii, liache lishuke lenyewe. Hapa ndipo tunapookoa dizeli."

Sikutoa; bila gia, breki peke yake zingebeba mzigo wote ule. Akarudia kwa ukali. Nikashuka na gia yangu hadi chini. Akacheka, "Mjomba wako alisema analeta dereva, kumbe kaleta mwalimu!" Kisha akaniambia kazi ni yangu nikitaka, lakini kwake kila dereva hushuka na frii, na kwamba hata wewe ulishuka hivyo miaka yote.

Kampuni ya pili haina sifa yoyote. Malori yao yamechoka kama mimi. Huko dereva mpya, hata leseni yake iwe ya kurushia ndege, hukaa kwanza kiti cha abiria, kando ya dereva mzoefu, mpaka huyo mzoefu aseme inatosha. Mzoefu wangu wanamwita Konokono. Kabla ya kuondoka analizunguka lori, anagonga tairi moja moja na kuchungulia mipira ya upepo ya breki. Malipo ni ya kununulia sabuni tu.

Mama amenuna. Alishautangazia mtaa mzima kwamba bintiye ni dereva. "Kwa hiyo wewe ni abiria?" akaniuliza, mbele ya fundi cherehani. Nikachukua beseni, nikaenda kufua.

Mjomba, nimeenda kwa Konokono. Rafiki yako atakupigia simu na utaona haya kwa ajili yangu. Hilo linaniuma, nisamehe. Na kama kweli ulishuka na frii miaka yote hiyo, namshukuru Mungu aliyekurudisha nyumbani kila mara. Lakini mimi naogopa, Mjomba. Sitaki kumwachia Mungu kazi ya breki.

Nisalimie mkeo, na yule kitinda mimba wenu mwenye kelele. Mola awape afya na usingizi mzuri. Ukishamaliza kunikasirikia, niandikie.

Mpwa wako, anayekupenda hata ukinuna,
Abiria