Maksai Aliyegoma Kutoka Zizini

Shikamoo mama,

Hapa kijijini Mbingu mvua haipumziki, na mwanao niliyeaga kwa mbwembwe kwamba naenda kuokoa wanyama, nimefundishwa kutembea.

Kwenye kituo hiki cha kutunza mifugo iliyotelekezwa nilikabidhiwa maksai mwenye kidonda cha nira shingoni. Kidonda kilipona, lakini alikataa kutoka zizini kwenda malishoni, akazidi kukonda. Nilimbembeleza, nikamvuta kwa kamba, nikamwimbia hata ule wimbo wako wa kupepeta mchele. Akaninyea buti.

Mama Kabula, jirani Msukuma aliyekuwa akimwona maksai huyo shambani, aliniacha nijiaibishe siku tatu ndipo akauliza, "Binti, unajua alikuwa akilima upande gani?"

Mimi na diploma yangu ya mifugo hatukujua kama ng'ombe ana upande.

"Huyu ni wa kulia. Mwenzake wa kushoto alikufa, na peke yake hajazoea kutembea. Nenda kasimame pale."

Nikasimama kushoto kwake, bega kwa bega. Akapiga hatua, nami nikapiga. Tukafika malishoni, akala.

Jana niliteleza nikaanguka kifudifudi kwenye tope. Kituo kizima kilicheka. Yeye alisimama, akaningoja hadi nikainuka.

Kunywa dawa zako za presha, mama, na usichoke kuningoja. Hapa duniani mnaoningoja mko wawili tu.

Mwanao Neema,
ng'ombe wa kushoto