Kumbe Babu Hakuwa Mlevi

Jumanne, Woodley

Daktari alidhani Mama hajamwelewa, maana Mama alikuwa anacheka.

Alikuwa ametueleza polepole: mishipa midogo ya ubongo wa Mama inaziba, ndiyo sababu ya kichwa kumuuma miaka yote na ya hivi viharusi vidogo vidogo. Ni ugonjwa wa kurithi. Akauliza kama kuna mwingine kwetu.

"Baba yangu," Mama akasema. "Alikuwa anayumba, maneno yanamkwama. Kijiji kizima kilimwita mlevi, hata kanisani wakamnyima meza ya Bwana." Hapo ndipo akacheka. "Kumbe mzee wa watu hakuonja hata busaa!"

Pale madukani Adams Arcade akampigia dada yake simu, akipaza sauti mpaka watu wakageuka: "Baba hakuwa mlevi! Daktari amesema!" Aibu niliyoona! Lakini sijamwona na furaha hivyo miaka mingi.

Mimi naweza kupimwa nikitaka. Sijui kama nataka.

Jioni kichwa kimeniuma. Nimemwambia Mama ni njaa. Ameleta uji, akanishikia kikombe mpaka nikamaliza, kana kwamba mgonjwa ni mimi.