Mafuta ya Papa Ndani ya Magurudumu

Alhamisi, usiku umeingia.

Mawingu yamekaa juu ya Malindi tangu alfajiri, hayanyeshi wala hayaondoki. Nguo nilizoanika jana bado zina unyevu. Watoto wamelala mapema kwa joto, nami nimejifungia chumbani niandike, kwa sababu nikikaa bure mikono inatafuta cha kufanya. Ikishika kalamu angalau ina kazi.

Naogopa.

Naogopa gari letu wenyewe, na nikisema hivyo najiona mjinga. Ni gari lile lile ambalo nyumba nzima imelishughulikia tangu kiangazi kama tunampamba bibi harusi. Athumani, mume wangu, aliuziwa na mkubwa wake wa kazini kule hoteli ya Watamu alipokuwa akihama. Lilikuwa limeachwa nje karibu na ufuo muda mrefu, chumvi ikalila mpaka ukiinua zulia unaiona barabara. Waliolitazama walitushauri tuliuze chuma chakavu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama kweli, tukalala chali chini yake tukitafuta pa kuanzia.

Aliyeinama kuliko sote ni Baba. Huyu ni baba mkwe wangu, Mzee Shee, fundi wa vyombo vya baharini aliyezaliwa visiwani kaskazini. Pale ambapo fundi wa magari angetaka bati jipya na kuchomelea, Baba alikunjua madebe ya mafuta ya kupikia, akayanyoosha kwa nyundo, akayapigilia. Kila mwanya akaukalafati, yaani akaushindilia pamba iliyolowekwa mafuta ya papa, kama afanyavyo kwenye mbao za chombo ili maji yasipenye. Chini kote akalipaka mafuta hayo hayo. Viti akavivika turubai. Juu ya paa akafunga kichanja cha boriti cha kubebea mizigo, kizuri hata majirani walikuja kukishika.

Harufu yake siwezi kuieleza. Paka wa mtaa mzima wamehamia chini ya gari letu. Athumani husema likizimika njiani tutalisukuma baharini liende lenyewe, na Baba hucheka mpaka anafuta macho.

Kicheko hicho ndicho kinachonitesa.

Maana mwaka jana Baba hakuwa akicheka. Kwenye chombo chake cha mwisho alipigilia ubao ukakaa upande, na mwenye chombo akamwambia mbele ya watu kwamba macho yake yamekwisha. Alirudi nyumbani akaviweka vyombo vyake vya kazi uvunguni, na masika yote alikaa ameegemea ukuta, ukimwamkia anaitikia, ukimwacha hasemi. Nilikuwa nikimpelekea chakula nakikuta kama kilivyo. Nilidhani tutamzika. Gari hili ndilo lililomwinua. Siku Athumani alipolivuta mpaka mlangoni, Baba alitoka, akalizunguka, akagonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, kisha akaenda kutoa vyombo uvunguni bila kuambiwa na mtu.

Sasa, ya leo.

Keshokutwa Jumamosi tunakwenda Mombasa kumwoza Mwanaesha, wifi yangu, sote ndani ya gari hili: mama mkwe, watoto, masufuria juu ya kichanja. Leo Athumani hakuwa na zamu, akasema twende Sabaki kwa mjomba wangu kuchukua nazi za harusi, na iwe ndiyo safari ya kulijaribu. Nikampakata Zubeda, kitinda mimba wetu. Mjini tulipita vizuri, polepole, bila haja ya kusimama. Watu walitupungia mikono, nami nikajitengeneza buibui nikajiona bibi mkubwa.

Ilikuwa kwenye mteremko wa kushukia daraja la Sabaki. Mbele yetu mbuzi walikuwa wakivuka, na nyuma yao mwanamke amejitwika kuni. Athumani akakanyaga breki. Niliuona mguu wake umekaza hata misuli imemtoka, na gari halikupunguza kitu. Likateleza tu. Akavuta breki ya mkono, nayo ikawa vile vile. Athumani ni mtu wa maneno, hata usingizini husema, lakini pale alinyamaza kabisa, na kimya chake ndicho kilichonijulisha kwamba tunakufa. Akarudisha gia, injini ikanguruma, akalitoa gari nje ya barabara likapanda rundo la mchanga na kusimama limelalia upande wangu.

Mwanamke wa mbuzi alitua kuni zake, akaja mpaka dirishani. "Poleni. Kumbe na mtoto mumo!"

Zubeda hakulia. Mkononi ana alama za vidole vyangu mpaka sasa.

Athumani alishuka, akalizunguka gari, akarudi anacheka kicheko kisicho na pumzi. Akasema ni zile lainingi alizozitia Jumapili, vile vibamba vinavyobana ndani ya gurudumu ili gari lisimame. Alizinunua zimetumika, kwa fundi mmoja huku mjini, basi zilitoka gari jingine na hazijazoea letu. Zikifanya kazi siku mbili tatu zitakaa sawa. "Lakini Baba asijue," akaniambia. "Atadhani ni kazi yake." Hatukufika Sabaki. Tulirudi kwa gia ya kwanza, baiskeli zikitupita, na nyumbani tukasema mjomba hatukumkuta.

Nilimwamini. Nilitaka kumwamini.

Alasiri nikampelekea Baba kahawa barazani. Alikuwa amekaa anamtazama paka mmoja akilamba mlango wa gari.

"Yeo limekwendaje?" akaniuliza. Kwao visiwani leo ni "yeo".

"Vizuri, Baba."

Uso wake ukafunguka. Akanisogelea kama mtoto mwenye siri ya sikukuu. Akaniambia kwamba Jumanne, Athumani alipokuwa kazini, aliyafungua magurudumu yote, moja moja, kwa sababu Jumapili alimwona mwanawe akiyafungua na akaona chuma cha ndani kimeshika kutu. Vijana wamesahau humo ndani, akasema. Basi yeye kapaka mafuta ya papa, gurudumu baada ya gurudumu, kwa kitambaa, hata pembeni kusikofikika. Tena tabaka mbili. "Kutu haiingii tena, mwanangu. Usimwambie Athumani. Atafungua siku moja ataona mwenyewe, atajua babake alipita hapa."

Kahawa anywe yeye, kupaliwa nikapaliwa mimi.

Nimeolewa nyumba ya fundi wa vyombo, mafuta ya papa nayajua. Tone moja likianguka sakafuni mtu anavunjika kiuno. Kwa ubao ni dawa, kwa chuma cha nje ni dawa. Lakini breki kazi yake ni kushika, na kilichopakwa mafuta hakishikiki. Hilo halihitaji fundi kulijua. Baba naye angelijua, lau macho yake hayakuwa yameiona kutu peke yake. Maisha yake yote adui amekuwa ni maji.

Nikarudi jikoni nikasimama mbele ya jiko lililozimika. Athumani anajua kwamba gari halisimami, hajui kwa nini. Baba anajua alichokipaka, hajui kwamba gari halikusimama. Anayeyajua yote mawili ni mimi, na kila mmoja kaniambia nisimwambie mwenziwe.

Nikajaribu kujituliza. Hili nalikiri hapa kwa sababu hapana mwingine wa kumkiria. Nilijiambia, barabara ya Mombasa ni tambarare, pabaya ni mahali pamoja tu, feri ya Kilifi, maana daraja bado halijajengwa, ule mteremko wa kushuka mpaka majini. Na pale abiria wote hushushwa. Sote tutateremka, mama mkwe, watoto, mimi, tutaingia ferini kwa miguu kama watu wote. Moyo ukatulia. Nikaanza hata kupepeta mchele.

Kisha nikajiuliza, na ndani ya gari atabaki nani?

Ungo ulinitoka mikononi. Mchele wote sakafuni. Nilimwona Athumani peke yake nyuma ya usukani, vioo vimefunguliwa, mguu umekaza kama nilivyouona leo, na gari linateleza kimya kuelekea kwenye maji. Sisi tumesimama pembeni na vifurushi vyetu, tunatazama.

Nilitoka kama nilivyo, unga wa mchele mikononi. Mkwe hamwambii mkwewe kwamba amekosea. Nilivyolelewa, hata kumwonyesha kwamba nguo yake imechafuka ni kazi ya mtu mwingine. Nilikaa chini kwenye ngazi ya baraza, nikaangalia miguu ya Baba.

"Baba, leo gari halikusimama."

Nikamweleza mteremko, mbuzi, mchanga, Zubeda mapajani. Mafuta sikuyataja. Sikuwa na ulimi wa kuyataja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, na akauliza neno moja.

"Mafuta?"

Akainuka, akaleta jeki, akafungua gurudumu la nyuma yeye mwenyewe, bila kutaka msaada. Akakitoa chungu cha chuma kinachofunika breki, akaigusa ile lainingi kwa ukucha, akanusa kidole. Nilitarajia aseme tupanguse kwa petroli, mambo yaishe.

"Imekunywa," akasema. "Kitu kikishakunywa mafuta haya, hakiyatapiki tena." Akarudisha gurudumu, akakaza nati zake. "Athumani nitamwambia mwenyewe. Wewe usinene."

Nikasema ndiyo, Baba. Nikamshukuru Mungu. Nikadhani yamekwisha.

Magharibi tumekula. Niliwatengea sahani moja, baba na mwana, nami nikakaa upande wa pili na mama mkwe na watoto, nikisikiliza kila tonge. Athumani alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea. Alieleza habari za harusi, nani atamkasirikia nani, nani atakula mara mbili. Baba aliitikia "ehe", "ehe". Kisha Athumani akasema kesho akitoka kusali alfajiri atakwenda Watamu kwa gari, kuna sufuria kubwa za kuazima kwa mpishi wa pale kazini, na huko ndiko breki zitakakozoea. Alijikwaa aliposema breki, akanitupia jicho.

Nikamtazama Baba. Sasa, Baba. Sema sasa.

Baba akanawa mikono, akachukua kofia yake, akaenda msikitini kusali Isha.

Nilimkasirikia. Sijapata kumkasirikia tangu niingie nyumba hii, na leo nilimkasirikia hata nikaogopa dhambi. Halafu nikakumbuka ile mikono ikikaza nati, hasira ikageuka kitu kingine ambacho ni kibaya zaidi, kwa sababu nilimwelewa. Mtu huyu akisema mbele ya mwanawe kwamba alikaribia kumuua mjukuu wake kwa kazi ya mikono yake, kipi kitakachomwinua tena kutoka ukutani? Nami nikimsemea, nitakuwa mkwe aliyemvua nguo mzee wake. Tena alishaniambia nisinene.

Basi sikunena. Nilipitisha mkono kwenye msumari pale mlangoni, nikautoa ufunguo wa gari, nikaja nao huku chumbani.

Sijui nilichokuwa nikifikiri. Kwamba bila ufunguo kesho haitafika? Athumani ana mikono mepesi, akitaka ataunganisha nyaya, gari lile ameshalifungua na kulifunga mara nyingi. Na akiniuliza nitasema nini? Nimeshasema uongo mara mbili leo, wa mjomba na wa "vizuri, Baba", na sijui kama wa tatu utatoka.

Anautafuta sasa hivi. Namsikia sebuleni.

"Mama Zubeda! Ufunguo wa gari umeuona?"

Anasogeza meza. Anatikisa kanzu iliyotundikwa. Ananiita tena, safari hii karibu na mlango, na naandika haya kwa haraka ili akichungulia aone nina shughuli. Mungu wangu, nikifungua mlango nitayasema yote.

Komeo la mlango wa nje limelia. Ni Baba amerudi, nasikia makubadhi yake yakivuliwa kizingitini. Athumani anamwuliza naye, ufunguo hajauona?

Hatua za Baba zinaingia sebuleni.

"Mwache mkeo," Baba anasema. "Ufunguo ninao mimi."

Ufunguo uko hapa, ndani ya kiganja changu cha kushoto, nimeubana hata umenichora.

"Kaa kitako, Athumani. Kuna neno." Namsikia akivuta pumzi, akiachia, akivuta tena. "Nimekosa, mwanangu. Nimekosa mimi."

Nazima taa. Nisingependa wajue kwamba nimesikia.