Mkono Wenye Kovu

Jumanne, Mtoni

Na simuombi msamaha, ng'o.

Mama mkwe amenipigia jioni kusema nimemdhalilisha Zuhura, mdogo wa mume wangu, mbele za watu. Nikamwamkia vizuri, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Angejua moyoni ninavyochekelea.

Zuhura alichukua video zangu za kupika achari ya embe, akazibandika kwenye ukurasa wake kwa jina la biashara yake. Video nilizojirekodi mwenyewe, simu nimeiegemeza kwenye kopo la unga. Nilimwomba kwa upole azifute. Akanijibu, "Wifi, mtandaoni hakuna cha mtu."

Haya. Leo mchana alikuwa mubashara, anajisifia mapishi yake. Nikaingia, nikaandika: "Dada, mkono kwenye video zako una kovu kubwa la kuungua. Hebu tuonyeshe wako."

Wateja wakadaka. Onyesha, onyesha. Mara akasema kovu limepona, mara mtandao unasumbua, kisha akakata.

Nikaenda hewani mie, mkono wazi, kovu langu linaonekana, najaza achari kwenye chupa. Maagizo yameingia mpaka chupa zimeniishia.

Kinachonisumbua ni mume wangu. Amekula, akaenda kulala bila kuniangalia. Ni dada yake wa tumbo moja, najua. Lakini na mimi si ni mke wake...

Sasa hivi nimefungua ukurasa wa Zuhura. Video zote kazifuta. Nilidhani hapo ndipo ningeridhika.

Bado.