Nahodha Mchoyo wa Msimbati

Dada Modesta, hamjambo hapo Mwanza?

Jana nilikwenda Msimbati kwa boti. Nilivaa miwani ya kuzamia nikachungulia matumbawe, na kila samaki niliyemwonyesha nahodha, alijibu, "Changu." Nikaanza kumtilia shaka. Bahari nzima ni yake? Na mbona hasemi "wangu"? Nikadhani ndicho Kiswahili cha huku. Mchana akachoma samaki wawili. "Na hawa?" nikauliza. "Changu," akasema. Basi nikala muhogo mtupu.

Jioni mwenyeji wangu ndiye aliyeniambia kuwa changu ni jina la samaki. Lakini nahodha alijua, nakwambia. Alikula wote wawili bila kunitazama usoni.

Wasalimie watoto. Niwekee sato mmoja, na useme kabisa kuwa ni wangu.

Mdogo wako,
Deo